Kanzu ya Kila Idd

Filamu yenyewe ilikuwa ya kule Skandinavia, nchi za barafu, na niliipata kwa mwalimu mwenzangu hapa Kilindoni. Wapelelezi wawili wamepewa chumba cha chini ya ardhi na mafaili ya kesi ambazo polisi wenzao walishazichoka. Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo baada ya alasiri, mvua ikinyesha, nilikaa naye sebuleni nikawa namsomea kwa Kiswahili maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini kwenye kioo. Yeye alikuwa anasuka ukili wa mkeka, jicho moja kwenye kompyuta.

"Huyu mpelelezi mbona kanuna hivi?" akauliza. "Hana mama wa kumwambia acheke?"

Nilicheka. Laiti ningejua tunakoelekea, ningeizima pale pale.

Kesi waliyoifungua ilikuwa ya kijana aliyetoweka miaka mingi nyuma. Mama aliacha kusuka. Kaka yangu aliaga anakwenda dago, kambi ya wavuvi kule kisiwani Bwejuu, mwaka wa tisa huu, na chombo chao hakikuonekana tena. Hatukupata hata ubao. Wenziwe walisomewa hitima na jamaa zao, sisi hatukumsomea. Kila Idd mama huitoa kanzu ya kaka sandukuni, akaifua, akaipiga pasi, akairudisha. Nami nilijiapiza kwamba sitakuwa mimi wa kumkatisha mama tamaa.

Basi wapelelezi walipoipata mifupa ya yule kijana, nikaipindisha tafsiri.

"Wamesikia yuko nchi nyingine," nikasema. "Wanamfuata."

Kwenye kioo watu wenye nguo nyeusi walikuwa wamesimama kando ya kaburi, na mama mmoja wa makamo anatupia udongo.

"Wanamfuata na jeneza?" mama akauliza.

Niliona haya. Mtu mzima mimi, mwalimu, nimeshikwa uongo mchana kweupe.

"Unanificha nini, mwanangu? Yule mwenzangu kamzika wake, leo atalala. Mimi kaka yako nitamsomea lini?"

"Mama, si wewe unayemngoja? Na ile kanzu?"

"Kanzu?" Alishangaa kweli. "Idd ile ya kwanza si wewe uliyeniuliza, kanzu ya kaka imefuliwa? Nikasema moyoni, huyu bado anamngoja nduguye, nisimvunje moyo. Ndiyo nikawa naifua."

Nililia kwa sauti. Miaka yote ile kila mmoja alikuwa anamchunga mwenzake, na marehemu wetu hana hata dua ya pamoja.

Alhamisi ile tulimsomea hitima. Kanzu mama alimpa mzee anayeadhini msikitini kwetu, na kesho yake tukamwona akipita nayo kwenda kuswali, imemwishia juu kabisa ya vifundo.

"Fupi," mama akasema. "Kaka yako alikuwa mfupi."

Sikuwahi kumsikia akisema "alikuwa."