Majibu ya Maziwa Yalichelewa, na Mimi Sikusubiri

Mwanangu, kuna siku moja kule Bugwema ambayo hadi leo nikiikumbuka inaniuma. Nilikuwa bado na nguvu zangu, nina ng'ombe saba wa maziwa na kichwa kigumu. Wanne walivimba viwele, maziwa yakatoka na mabonge. Nikamshuku Nyangeta, mjane wa marehemu kaka yangu, kwa sababu ng'ombe wake wawili waliugua kabla ya wangu, na wote tulikuwa tukiwachunga pamoja.

Binti mmoja, daktari wa mifugo, alikuja kutoka Musoma, akachukua maziwa ya kila ng'ombe kwenye vichupa. Alisema watasoma vinasaba vya bakteria wenyewe, mwanzo hadi mwisho, ili wajue kama wa kwangu na wa shemeji ni ukoo mmoja.

"Itachukua miezi, baba," akaniambia. "Usimlaumu mtu kwanza."

Mimi nisubiri? Nilimwita shemeji mbele ya ukoo mzima, nikamwamuru aondoe ng'ombe wake bomani. Alilia tu. Hakuwa na malisho pengine, basi akawauza mnadani Kiabakari, akahamia Mukendo, mjini Musoma, kukaanga samaki wa sato na kuuza.

Majibu yalikuja mvua zimekwisha. Bakteria wa kwake na wa kwangu walikuwa na jina moja, lakini vinasaba vyao vilikuwa mbalimbali kabisa. Wangu wote wanne waliougua, hata hivyo, walibeba bakteria wa ukoo mmoja, yaani waliambukizana wao kwa wao. Daktari akaniuliza nakamuaje. Nikaona aibu, mwanangu. Nilikuwaga natoka kwa ng'ombe huyu naingia kwa yule bila kunawa, na kitambaa kimoja cha kufutia wote.

Nikaenda Mukendo. Nyangeta alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, shemeji. Lakini wale ng'ombe aliniachia mume wangu. Utawarudisha?"

Walishachinjwa. Nilimpa mtamba mmoja kati ya ng'ombe wangu, akamkataa kwa upole. Mjini hana pa kumlisha.

Mwanangu, usimtangaze mtu kwa jambo ulilolikisia tu. Kama yupo wa kupima, mwache apime, na wewe unaposubiri chunguza kwanza mikono yako. Kuomba radhi niliweza. Kumrudishia mama yule maisha yake sikuweza.

Mungu akujalie subira niliyoikosa mimi, mifugo yako iongezeke, na asiwepo ndugu atakayeondoka kwako akilia.