Sindano Isiyo na Dawa

Nikipita Awindiri, pale Arua, hadi leo, miguu yangu hutaka kukata kona kwenda kwa yule nesi wa tiba ya sindano, ingawa sina tena mgonjwa wa kumpeleka. Mgonjwa wangu alikuwa mama, mjane wa mwanajeshi, mkaidi kumshinda marehemu mumewe. Namkumbuka mno. Magoti yake yalivimba yakawa ya moto, ukiyagusa unauhisi moto hata juu ya nguo, na kwa miaka miwili aliswali kwenye kiti cha plastiki. Hilo lilimuuma kuliko magoti yenyewe. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: kuweka paji la uso chini. Vidonge vilikuwa vimemharibia tumbo, ndipo tukatoka Lurujo, kwetu Koboko, kwenda Arua.

Nesi alimlaza, akamchoma visindano vyembamba kama unywele kuzunguka magoti, akaviacha kidogo, akavitoa. Mama akayakagua magoti yake.

“Sasa dawa iko wapi?”

“Dawa iko ndani ya mwili yako, mama. Sindano inaamsha tu.”

Akatueleza kwamba mishipa ya fahamu ikiguswa huenda ikauambia mwili upunguze ule moto wa uvimbe. Wengine hupata nafuu, wengine hapana, na wataalamu bado wanachunguza. Mimi nilimpenda kwa kukiri kwamba hajui yote. Mama hakumpenda hata chembe. Njia nzima ya kurudi Koboko alinung'unika kwamba ametobolewa bure.

Kwetu ukichanjwa, unapakwa. Bibi alikuwa akituchanja chale kwa wembe, kisha anasugua unga wa mizizi iliyochomwa. Bila unga, kazi haijaisha. Basi tulipofika nyumbani mama akaagiza kinu, na mimi, mtu mzima niliyesoma, nikatwanga. Nikamsugulia kwa mikono yangu kwenye vile vitundu. Upumbavu gani ule, jamani! Siku ya tatu goti la kulia lilikuwa limeiva usaha.

Nesi alipoliona akauliza nani amepaka. Nilifungua mdomo, mama akaniwahi.

“Ni mimi mwenyewe.”

Nikaificha mikono yangu nyuma kama mwizi. Nesi akatutuma hospitali kwanza, wakamsafisha, wakampa dawa, goti likapona. Tuliporudia sindano nilikipeleka kinu kwa jirani, na mama alininunia wiki nzima. Tulienda mara nyingi. Taratibu moto ukapungua.

Ijumaa moja nikakuta kile kiti uani, kimeanikiwa blanketi. Nikakimbilia ndani. Mama alikuwa mkekani, ameshatoa salamu, bado amepiga magoti. Nikanyoosha mkono nimwinue.

“Wacha kwanza,” akasema. “Nimekaa kwa kiti miaka mbili.”

Nikaketi kando yake, machozi yakinitoka, nikamwomba msamaha kwa lile goti nililoliharibu.

Akaniuliza, goti gani.