Feni ya Meko Yetu

Mume wangu ni fundi umeme, na mganga hajigangi. Swichi ya jikoni kwetu tunaiwasha kwa mpini wa mwiko. Simu ya mteja ikilia anabeba mkoba na kuondoka, hata akiwa na tonge mkononi. Nimesema mpaka nimechoka kusema.

Nilichotaka ni kimoja tu: atengeneze meko ya umeme ya sebuleni, ile ya ukutani yenye moto wa taa unaochezacheza na koili ya kupuliza joto chini yake. Mama yangu alikuwa anakuja kukaa nasi miezi ya baridi, na kifua chake mwaka jana kilimlaza hospitali. Meko ilikuwa inapasha dakika tano, kisha joto linakatika, unabaki ule moto wa taa peke yake.

"Ni vumbi tu," alisema. "Jumapili nitalitoa."

Jumapili tatu zikapita, mama akafika. Siku ya pili alikohoa asubuhi nzima. Nikachomoa plagi, nikafungua mfuniko, nikachukua brashi ya rangi nilitoe hilo vumbi mwenyewe. Vumbi lilikuwepo, tena la kutosha. Feni haikuwepo. Skrubu zake nne zilikuwa zimerudishwa kwenye matundu yake na kukazwa vizuri. Kumbe koili ilikuwa haina wa kuipuliza, inachemka mpaka inajikata. Nikaitupa brashi kwa hasira.

Alirudi saa kumi jioni, akavua viatu mlangoni.

"Feni iko wapi?"

Alikaa kwanza. "Kwa yule bibi wa ghorofa ya nne. Yake iliungua, na anaishi peke yake. Nilisema nitanunua nyingine kabla mama hajaja. Nikasahau, mke wangu. Siku hizi nachoka mpaka nasahau."

"Kwa hiyo mama wa watu anaota moto, wangu anaota taa."

Nilikuwa na mengine, nimeyapanga tangu asubuhi. Nilipomgeukia, alikuwa ameshalala kitini, bisibisi bado mfukoni.

Mama aliinuka na kikohozi chake, akavua blanketi mabegani, akamfunika. "Mwache mwanangu apumzike," akasema, akarudi kukaa amejikunyata mbele ya ule moto usio na joto.

Haikupita nusu saa, simu ikalia. Aligutuka, akalishika blanketi, akalitazama. Kisha akamtazama mama. Nikajua anaondoka.

"Leo siwezi," akaiambia simu. "Nina mteja hapa amenisubiri Jumapili tatu."

Akamrudishia mama blanketi, akalikaza mabegani mwake. Duka la vipuri hufungwa saa kumi na mbili. Maneno yangu yote yalikuwa bado kooni. Nikaenda mlangoni, nikamletea viatu vyake.