Kalenda ya Tayari

Juzi, kwenye ofisi ya tiketi za mashua hapa Kasuku, kijana fundi wa programu alikuwa anajaribu programu yake mpya ya kuuza tiketi. Nilimsikia akimwambia karani: "Kalenda ya kujazia tarehe sikuiandika. Nimeitoa tayari kwenye maktaba ya intaneti, kule mafundi wanaweka vipande vya programu, nikaibandika tu."

Dada mmoja wa Lokandu, aliyekuwa amemsikia, akafika mbele. Kalenda ikadai siku ya kuzaliwa; bila siku, tiketi haitoki.

"Ndugu, mama alinizalia porini, wakikimbia vita. Siku haijulikane."

"Njo vile inaomba, dada," kijana akajibu.

"Basi uiulize maktaba yako."

Karani akacheka. Kijana akakuna shingo. "Weka ya kwanza Januari. Hata mimi siku yangu siijue, najiandikaka vile."

Vitu vya tayari vinapunguza kazi, sikatai. Ila huyu alibandika kalenda ambayo hata yeye mwenyewe isingemuuzia tiketi bila kuidanganya.