Mume Wangu na Uenyekiti wa Wafuga Punda

Siku hizi mtu akitaka cheo hupita nyumba kwa nyumba, hupigisha ngoma, na picha yake huibandika ukutani. Wenzangu huwacheka. Mie siwacheki. Mume wangu angefanya robo ya hayo, banda letu la Temeke lisingebaki na kuku watupu.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, vijana waliopelekwa Bama kupigana na Wajapani walikuwa wamesharudi. Wazungu walikuwa na farasi wao mjini, na uwanja wao wa kuwakimbiza, sie tukichungulia kwenye ua. Huku pembeni farasi hawakudumu, mbung'o waliwamaliza. Kwa hiyo kuanzia Mbagala mpaka Mabibo watu walifuga punda, na kila Idi wakawashindanisha mbio kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya mikorosho. Msidhani nasema hawa punda wa kubeba maji. Walikuwa na damu ya Maskati, warefu, weupe, na mtu akimpanda mmoja alijiona liwali.

Wenye punda hao walikuwa na chama. Walichanga wakanunua dume moja la Maskati kwa Mwarabu aliyekuwa anarudi kwao, awapandie majike ya wanachama wote. Sharti lilikuwa kwamba dume hukaa kwa mwenyekiti. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa mzee, magoti yamemchoka, akamkabidhi mume wangu amtunzie. Basi yule punda alikuja kwetu bado mchanga, akakulia mikononi mwetu.

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Kwa watu, yaani. Kwa punda yule alikuwa hanyamazi. Alfajiri akitoka kuswali anaingia bandani, na mie kitandani nasikia anamhadithia habari za mvua, za ndugu zake, za mguu unaomuuma. Nilimwambia siku moja, "Ungenipa mie nusu ya maneno unayompa punda, ningenenepa." Akacheka, lakini hakunipa. Sikumwonea wivu sana, maana mie mwenyewe Idi ikikaribia nilikuwa nikimpaka yule punda hina miguuni, naye anatulia kama bibi harusi.

Mzee mwenyekiti alipofariki ikabidi achaguliwe mwingine. Waliotajwa walikuwa wawili. Mmoja mume wangu. Wa pili mwenye bucha wa Mabibo, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyeingia chamani juzi juzi tu. Huyu alizunguka kila nyumba akisema wazi, "Jamani, mie nautaka uenyekiti. Nipeni." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Alifika hata kwetu! Akaketi kibarazani, akanywa kahawa yangu, akamwambia mume wangu, "Mzee, mie naomba kura, hata yako." Mume wangu akamjibu kwa adabu kwamba Mungu ndiye mpaji. Alipoondoka nikasema, "Na wewe kawaombe watu." Alinitazama kama niliyemwambia atoke nje uchi.

Kwao mume wangu, na hata kwetu, mwungwana haombi cheo, na akipewa hapokei mara ya kwanza. Husema yeye ni mdogo, wapo wakubwa. Watu humsihi, naye hukataa tena. Wakimsihi mara ya tatu ndipo huinamisha kichwa na kusema, basi, kwa kuwa mmenilazimisha. Mkubwa na mdogo wanajua hilo. Ilipoletwa posa yangu baba alijibu kwamba hapa hakuna binti wa kuozwa. Nami nilikuwa chumbani nasikia, wala sikutoa chozi, nilijua watarudi.

Siku ya mkutano wanachama walikuja kwetu, kwa kuwa uani kwetu palikuwa na nafasi. Mikeka ikatandikwa, punda yupo bandani anatafuna pumba zake. Sie wanawake tulikuwa nyuma ya ukuta wa makuti na kahawa na visheti. Kuendesha uchaguzi walimpa katibu wao, karani wa bohari, Mkristo kutoka bara, kijana msafi wa moyo na wa shati. Alijifunza taratibu za mikutano huko alikosomea, na alizifuata kama sala. Simlaumu. Nimemlaumu miaka mingi, nimechoka.

Akasimama akauliza nani anapendekezwa. Jirani yetu akamtaja mume wangu, na nusu ya mikeka ikaitikia. Karani akamgeukia.

"Mzee, umependekezwa. Unakubali?"

Mume wangu akapangusa magoti ya kanzu yake. "Mie mtu mdogo, mwanangu. Wapo wanaofaa kuliko mie."

"Ahsante, mzee," akasema karani, akainama akaandika. "Mzee amekataa. Mwingine?"

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aanze kusihi, na wa kusihi hasa, kwa desturi, ni yule aliyeuliza. Mwenye bucha hakungoja. "Mie hapa! Mie nakubali!" Jirani yetu akanyanyua mkono, akasema bwana karani, tumrudie mzee. Karani akamjibu kwa upole kwamba mzee amekwisha sema mwenyewe, na si haki kumlazimisha mtu. Haki! Nilikuwa nimeshika buli la kahawa, ulimi umenijaa kinywani. Nikachungulia kwenye tundu la makuti nimwone mume wangu. Alikuwa anatabasamu. Lile tabasamu nililijua, ni la mtu aliyekanyagwa kidole na mgeni wake. Kusema sasa kwamba anataka kungekuwa aibu kuliko kuukosa uenyekiti wenyewe, basi akanyamaza, na mikono ikanyanyuliwa kwa mwenye bucha.

Jumapili iliyofuata mwenye bucha alikuja kumchukua dume. Alikuja peke yake, ameshika hatamu mpya, na nilimwona amesimama muda njiani kabla ya kupiga hodi. Mume wangu alikuwa amekwisha msugua punda mpaka anang'aa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Punda wako yuko tayari."

Yule bwana akazungushazungusha hatamu mkononi. "Mzee, nyie mmemlea. Kama unataka abaki hapa, wewe sema tu. Mie sina neno."

Nikamtazama mume wangu, na kabla hajafungua mdomo nikajua atakachosema.

"Hapana, mwanangu. Mali ya chama hiyo. Mchukue."

"Anamtaka!" nikasema mlangoni. "Anamtaka, wewe!"

Mume wangu akacheka kidogo. "Mama watoto huyo, ana utani." Na mwenye bucha naye akacheka, kwa heshima, akamvisha punda hatamu. Punda alikataa kutoka. Ilibidi mume wangu mwenyewe atangulie, akamwongoza mpaka barabarani huku anamsemesha. Aliporudi hakula. Nilimgombeza siku ile mpaka sauti ikakauka, nikamwita mjinga, nami namlilia yeye, si punda. Alisema neno moja tu, "Sikujua kama yule bwana angeniacha na jibu la kwanza."

Huko Mabibo bonde alilokaa mwenye bucha lilikuwa na vichaka na mbung'o wake. Punda alikonda, na masika hayakwisha kabla hajafa. Chama nacho kikafifia, watu wakaanza kutamani baiskeli. Mume wangu aliishi miaka mingi baada ya hapo, mzima wa afya, lakini alfajiri nyumba ilikuwa kimya. Maneno ya punda hakuyaleta kwangu. Nilikuwa nimedhani atayaleta.

Mume wangu alipofariki, mwenye bucha alikuja matangani. Alikuwa amezeeka, anatembelea bakora. Wengine walipoondoka akaketi karibu nami.

"Mama," akasema, "mie yule dume sikumtaka. Sikuwa na banda la maana, sikuwa na majani. Siku ile nilikuja kwenu nikiomba Mungu mzee aseme abaki. Nikamuuliza mwenyewe, wewe ulisikia. Angesema ndiyo, ningerudi mikono mitupu na furaha yangu. Kwa nini hakusema?"

Nilimwangalia usoni. Hakuwa na hila hata chembe. Ningeweza kumweleza. Lakini nilikuwa nimechoka kwa kilio, na nikaona hata nikimweleza, neno hilo halitamfaa aliyelala kaburini. Mjukuu akaleta sinia la wali, nikamkaribisha ale.

"Hapana, mama, ahsante," akasema. "Nimeshiba."

Mkono wake ulikuwa umeshaanza kusogea kwenye maji ya kunawa. Sikumkaribisha tena.