Jina la Mama Mkwe kwenye Waifai

Mama mkwe wangu alishuka Runzewe kwenye basi la kutoka Kahama akiwa na kuku wawili waliofungwa miguu, gunia dogo la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na simu ya kupangusa aliyonunuliwa na wanawe. Alikuwa ametoka kwao Kishapu kuja kumsubiri binti yake, mke wangu, ajifungue mtoto wetu wa kwanza. Alidhani amewahi. Siku chache baadaye mke wangu alivimba miguu, kichwa kikamuuma hadi akawa haoni vizuri, na kituo cha afya wakatuandikia kwenda hospitali ya mkoa, Geita. Huko mtoto akazaliwa kabla ya siku zake, msichana mdogo kiasi kwamba kiganja changu kilifunika mgongo wake wote.

Wodi ile haikuruhusu ndugu kulala. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alipata chumba karibu na hospitali akawa anapeleka uji na maji ya moto. Mimi nikarudi Runzewe kuangalia duka. Na nyumbani alikuwepo mama mkwe, peke yake, kwa sababu magoti yake hayakuweza tena safari nyingine ya basi.

Nilivyolelewa mimi, mkwilima na mama mkwe hawakai pamoja. Ukimwona anakuja njiani, unampisha. Unamsalimia ukiwa umechuchumaa kwa mbali, macho chini. Humpi kitu mkono kwa mkono, unakiweka mahali naye anakichukua. Na jina lake hulitamki. Hata kama kuna kitu kingine chochote duniani chenye jina kama lake, unakitafutia neno lingine. Baba yangu hakuwahi kulitamka jina la mkwewe mpaka anaingia kaburini, na sijawahi kumsikia akilalamika kwamba lilimsumbua.

Kwa hiyo nilihamia dukani kulala. Duka langu liko mbele ya kiwanja, kando ya barabara, nyumba iko nyuma yake. Natengeneza pampu na mota za kuvutia maji kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Asubuhi nilikuwa nasimama uani nje ya jiko na kumsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," naye anaitikia kutoka ndani, kisha naondoka. Chakula alikiweka kwenye kigoda cha barazani, akarudi ndani ndipo nikakichukua. Tungeweza kuishi hivyo hata mwezi mzima bila tatizo. Tatizo lilikuwa waifai.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumenunua rauta, ili niweze kuwatumia wateja picha za vipuri. Aliyeiweka ni mke wangu, mimi mambo ya kubonyezabonyeza hayanipendi. Ilipofika pa kuweka nenosiri aliniuliza tuweke nini, nikamwambia kitu ambacho hatutakisahau. Akaandika, akanionyesha. Lilikuwa jina la mama yake. Siyo lile la Mama Fulani analoitwa na watu wote, bali jina lake mwenyewe la Kisukuma, alilopewa alipozaliwa, ambalo hata kwao Kishapu wanaolijua sasa ni wazee wachache.

"Hilo hapana," nilimwambia.

"Kwani unalitaja? Unaliandika tu. Tena mama yuko Kishapu, atajuaje?"

Nikacheka, nikakubali. Mwanzoni nililiandika kweli, sikulitamka. Mteja akitaka intaneti nilikuwa nachukua simu yake na kumwekea mwenyewe. Lakini mikono yangu muda wote ina grisi, na watu ni wengi. Siku moja nililinong'ona. Baadaye nililisema tu kama ninavyosema bei ya bomba. Haukupita muda wachimbaji waliokuwa wakisubiri pampu zao wakawa wanaiita intaneti yangu kwa jina lile. Mtu anapaza sauti kutoka kwenye benchi, "Fundi, leo huyu bibi ana nini? Mbona mzito?" Kisha anamtaja. Na mimi nilikuwa najibu, "Mzime, halafu umwashe." Nilijibu hivyo mchana kweupe, kando ya barabara.

Niliposikia anakuja nilijua nenosiri lazima libadilishwe. Nilimwambia mke wangu, naye akasema atabadilisha akipata nafasi. Kabla hajaipata, akaugua. Nikawazungukia wateja mmoja mmoja kuwaomba wasilitaje jina lile hapa dukani. Walicheka sana, lakini waliniheshimu. Nikaona yameisha.

Laini ya mama mkwe ilikuwa inakubali kupiga na kupokea tu pale kwetu, intaneti haifunguki. Kwa hiyo kila mchana mke wangu alipiga video kwenye simu yangu, katika ule muda mfupi wauguzi waliporuhusu simu. Nilikuwa naiweka simu juu ya kigoda barazani, napiga hodi, naenda kusimama mbali karibu na banda la kuku. Nikawa naona mama anavyoinamia simu yangu na kujibu kwa mkato, "Ee. Ee. Sawa." Wakati huo sikuelewa. Mke wangu ndiye aliyeniambia: kuna mambo ya mwanamke aliyetoka kujifungua ambayo mama hawezi kumuuliza binti yake kwenye simu ya mkwewe. Wala mtoto hajamwona vizuri, kwa sababu anaona haya kuishika simu yangu kwa muda mrefu.

Ndiyo maana siku moja mchana, nikiwa uani, alitokea mlangoni, akasimama ameegemea mwimo, uso ameuelekeza upande wa jiko.

"Baba," alisema, "naomba uniunganishie hiyo intaneti ya nyumbani. Wanangu wamesema simu hii inaweza. Niambie tu maneno yake, nitaandika mwenyewe. Kusoma nilijifunza ukubwani."

"Ngoja kidogo, mama," nikasema. "Imekata."

Haikuwa imekata. Na yeye alijua, kwa sababu dukani kulikuwa na mteja anatazama mpira kwa sauti kubwa, anashangilia.

"Imekata," alirudia taratibu, kisha akaingia ndani. Sikuhitaji kuuona uso wake. Alikuwa ameshaamua kwamba mkwewe ni bahili, mtu wa kumnyima mgeni hata kitu kisichoshikika, tena mgeni aliyekuja kumhudumia yeye.

Nilirudi dukani nikampigia shemeji yangu kule Geita, nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanipa njia. Ndani ya simu yangu, mahali pa waifai, kuna sehemu ya kushiriki. Ukibonyeza hapo, simu inatoa kichoro cha mraba chenye madoa meusi. Mwenzako anakielekezea kamera ya simu yake, anaunganishwa papo hapo. Hakuna kutaja neno wala kuandika herufi hata moja. Nilimshukuru kama mtu aliyenitoa shimoni.

Nikajaribu, kichoro kikatokea. Sikukitazama sana. Nilikimbilia nyumbani nikapiga hodi, nikaweka simu yangu juu ya kigoda na kurudi nyuma hadi uani.

"Mama, imerudi. Fungua simu yako mahali pa waifai, juu pembeni utaona alama ya kamera. Ibonyeze, halafu ielekeze kwenye hicho kichoro."

Alitoka. Nilisikia magoti yake yakilia alipoinama. Kamera ikawa inakikosa kichoro, akasogea karibu, akasogea tena. Kisha akaacha kuhangaika na kamera. Macho yake yalikuwa yameshuka chini ya kile kichoro.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba niliona maandishi pale chini, na sikuyasoma.

Mama mkwe wangu husoma kwa sauti. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo anavyosoma Biblia yake, silabi kwa silabi, kidole kikifuata. Akasoma, "Ne-no-si-ri la wai-fai." Akapumua. Akaanza neno lililofuata. Alitamka silabi ya kwanza. Akatamka ya pili. Ya tatu aliiacha mdomoni.

Kuku mmoja alipita kati yetu. Mimi nilikuwa nimetazama kandambili zangu.

"Hili ni jina langu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nani kaliweka humu?"

"Binti yako," nilisema haraka, bila hata kumeza mate. Mtu mzima, mwenye duka, mwenye mtoto wodini, nikamtupia lawama mke wangu aliyelala kitandani hospitali kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Ni kweli aliliweka yeye. Lakini aliyelibwaga barabarani ni mimi.

"Na wageni wakija, wanaambiwaje?"

Wakati huohuo simu yake ikalia. Kamera ilikuwa imekikamata kichoro yenyewe huku tunaongea, intaneti ikaingia, na mke wangu, ambaye mdogo wake alikuwa ameshamwambia, akawa anapiga video. Mama aliichukua simu yake kwa mikono miwili, akageuka, akaingia nayo ndani na kufunga mlango.

Nilirudi dukani nimeinamisha kichwa. Yule mteja wa mpira aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia aende nyumbani, nafunga. Kisha nikakaa juu ya mota mbovu nikafungua ile programu ya rauta ambayo mke wangu aliniwekea kwenye simu na sikuwahi kuigusa. Kulikuwa na picha ya kufuli. Nikaibonyeza. Kulikuwa na mahali pa kubadilisha nenosiri. Nikafuta jina la mama wa watu, herufi moja moja, nikaweka namba tupu, nikabonyeza kuhifadhi. Kitu nilichokiahirisha siku zote hizo kilikuwa chepesi kuliko kufungua nati.

Ndipo nikasikia kutoka nyumbani, "Halo? Halo, mwanangu? Halo!"

Nilikimbia. Mama alikuwa ametoka hadi uani kabisa, ameinua simu juu kama mtu anayetafuta mnara, na kwenye kioo kulikuwa na kiduara kinazunguka tu. Kubadilisha nenosiri kunamtoa kila mtu aliyeunganishwa. Kila mtu anajua hivyo. Hata mimi nilijua, kama ningekaa nikafikiri badala ya kuikimbia aibu yangu.

"Alikuwa anamfunua," alisema. Safari hii alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. "Alikuwa anafunua kitenge anionyeshe uso. Nimeona paji tu."

"Ni mimi, mama. Nimebadilisha. Nimelitoa lile jina."

"Sasa hivi? Ulikuwa na haraka gani, baba?"

Nilimsomea namba mpya nikiwa nimechuchumaa, naye akaziandika polepole, akinirudishia kila moja kwa sauti. Simu ikaunganishwa. Akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Muda wa simu wodini ulikuwa umekwisha.

Hakunigombeza. Aliingia jikoni, akapika ugali na mlenda, akaniwekea kwenye kigoda kama kawaida. Sikuweza kula. Nilimmegea mbwa wa jirani.

Kesho yake walionana vizuri. Nilikuwa dukani, nilisikia sauti ya mama ikipanda na kushuka kwa Kisukuma, ikicheka, ikifundisha, na nilikaa kimya nisije nikagusa chochote. Mtoto aliongezeka uzito kidogo kidogo, na hatimaye wakaruhusiwa. Mama mkwe alikaa nasi hadi mtoto alipoanza kunyonya kwa nguvu. Kati yake na mimi mambo yaliendelea kama zamani, salamu, kigoda, mlango. Nikajiambia amesahau.

Alikuwa ameshaondoka mke wangu aliponiambia. Alikuwa anamnyonyesha mtoto, akasema kama jambo la kupita tu, "Hivi unajua mama aliniuliza kama ulilitoa jina lake kwa hasira?"

"Hasira ya nini?"

"Kwamba alikuhoji pale barazani. Alidhani amekukera, ukaona umfute kabisa humu ndani, na simu ukamkatia makusudi."

Nilisimama. Nikakaa tena. "Wewe ulimwambiaje?"

"Nilimwambia uliona aibu. Akasema aibu ilikuwa yake, amejitaja mwenyewe mbele ya mkwewe, mtu mzima mwenye mvi, kwa sababu ya kutaka kusoma kila anachokiona. Siku ile alishindwa hata kula."

Kwa hiyo ndani ya kiwanja kimoja, yeye jikoni na mimi dukani, tulishinda na njaa kila mmoja akidhani amemkosea mwenzake, na hapakuwa na njia ambayo yeyote kati yetu angeweza kuvuka uani na kusema hivyo. Nilimwomba mke wangu ampigie amweleze vizuri, naye akampigia palepale. Nilitoka nje. Siyo kwa adabu. Sikutaka kusikia mama wa watu akiniomba msamaha.