Bibi Stoyna Alikuja Kumzika Mwanawe Aliye Hai

Mwezi wa tano mwaka ule, bibi wa miaka themanini na nne aliingia chuoni kwetu kumzika mwanawe.

Mwanawe alikuwa juu ya ngazi, ghorofa hiyohiyo, anafunga waya wa taa.

Mzima kabisa. Asubuhi ile alikuwa amelalamika kwamba banitsa, ile mikate yetu ya jibini, imeisha na yeye hajapata hata kipande.

Wengi mmeiona ile video. Mnasema ni sanaa. Mimi nilikuwepo, tena kwenye kiti cha kuongozea, kwa hiyo leo niacheni niseme.

Naitwa Momchil. Nilikuwa mwaka wa tatu, chuo cha sanaa, hapahapa Plovdiv. Nilikuwa mratibu wa matangazo mubashara ya wanafunzi, saa kumi na mbili mfululizo, watu sitini na tatu. Wachoraji, wachongaji, watu wa katuni, watu wa sauti. Kila mmoja anajiona yeye ndiye chuo chenyewe.

Uongozi ulitaka kuifunga studio yetu iwe stoo ya viti. Tukapewa nafasi moja tu. Tufikishe watazamaji elfu tano kwa wakati mmoja, studio ibaki. Tusipofikisha, tuanze kubeba viti.

Sisi tungehamia kwingine. Aliyekuwa anaumia ni Mjomba Zapryan, fundi wa studio kwa miaka thelathini na moja. Studio ikifungwa na yeye hana kazi, na ana miaka hamsini na nane. Nani angemchukua?

Huyu mtu alinifundisha kila ninachokijua. Miaka mitatu mfululizo, kila mwezi wa pili, alinichukua kijijini kwao tukapogoe mizabibu, na mama yake, Bibi Stoyna, alinilisha mpaka nikashindwa kuinama kufunga viatu.

Kwa hiyo bibi nilimjua. Shikeni hilo.

Kuratibu watu sitini na tatu ni kuishi ndani ya simu. Ujumbe mia nne kwa siku. Nikaweka sheria: mtu akiwa na jambo analitupia kwenye kundi, nikiliwekea dole gumba limepita. Mwanzoni nilikuwa nasoma. Baadaye nikawa naweka tu.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, Ralitsa, dada wa mabango, akaja na wazo. Tutangaze kwamba televisheni ya zamani imekufa, watu waje kuizika. Na mabango yawe kama karatasi za msiba.

Kwetu mtu akifa, karatasi yenye picha yake na ukingo mweusi hubandikwa mlangoni, kwenye nguzo, kwenye kituo cha basi. Unakwenda kununua mkate unakuta jirani yako hayupo tena.

Ralitsa akahitaji sura ya kuweka. Akachukua picha ya Mjomba Zapryan niliyompiga shambani. Chini, kwa herufi za sisimizi: "Televisheni mpendwa, tutakuzika Ijumaa."

Nilikuwa kwenye foleni ya kahawa. Sikuifungua. Nikaweka dole.

Zikabandikwa mji mzima.

Jumatano Mjomba Zapryan akaja na moja mkononi. Nikajua leo nimekwisha. Kumbe anacheka.

"Mmenizika vizuri," akasema. "Ila za kituo cha basi zitoeni leo. Watu wa kijijini kwetu wanashukia pale, na mama haoni maandishi madogo."

"Usiwe na wasiwasi, mjomba. Leoleo."

Sikumwambia mtu yeyote. Sikusahau, naomba tuelewane. Zile karatasi zilikuwa zinafanya kazi. Mji mzima ulikuwa unatuzungumzia, nami nikasema moyoni, siku mbili zina nini.

Ijumaa ikafika. Kufikia saa kumi jioni tulikuwa na watazamaji mia mbili na kumi, na nusu yao mama zetu. Mkuu wa idara amesimama mlangoni, mikono mfukoni, kama mtu aliyeshapanga viti vyake.

Ukumbini wachongaji walikuwa wameweka jeneza la maboksi, ndani yake televisheni mbovu. Kamera nne zinalizunguka. Mimi niko chumba cha kuongozea, nyuma ya kioo, Ralitsa pembeni yangu anabadilisha picha.

Mlango wa ukumbi ukafunguka.

Akaingia bibi, nguo nyeusi, kitambaa cheusi. Mkono mmoja bakuli la ngano ya kuchemsha, ile inayoliwa kumkumbuka marehemu. Mkono mwingine maua sita, maana kwetu maua ya idadi shufwa hupelekewa wafu tu.

Muuza mboga wa kijijini kwao alikuwa ameiona karatasi kituoni. Bibi alimpigia mwanawe simu siku nzima. Studio ikiwa hewani simu zote zinazimwa, sheria ya Zapryan mwenyewe.

Akalisogelea jeneza. Akachungulia. Akaona televisheni.

"Zapryan wangu mmemlaza wapi?" akauliza.

Wanafunzi wakadhani ni igizo la kundi jingine. Wakainamisha vichwa. Mmoja akawasha mshumaa akampa. Bibi akaupokea, akashukuru, akauliza tena.

Ralitsa akanigeukia. "Huyu ni wa kundi gani? Simuoni kwenye ratiba."

Nikatazama skrini. Watazamaji elfu moja. Elfu moja mia tisa.

Kioo kilikuwa mbele yangu na mlango nyuma yangu. Hatua kumi na mbili mpaka kwa bibi. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile.

"Mwache," nikasema. "Kamera ya pili, msogelee uso."

Dakika saba. Bibi anaita jina la mwanawe kwenye pembe zote za ukumbi, ngano inamwagika, namba inapanda. Elfu nne. Elfu sita. Mkuu wa idara ametoa mikono mfukoni.

Ndipo Mjomba Zapryan, huko koridoni juu ya ngazi, akaisikia sauti ya mama yake.

Alivyoingia, bibi alimshika uso kwa mikono miwili. Akampiga kofi. Kisha akakaa chini sakafuni, akalia kama mtoto.

Mjomba hakuwatazama wanafunzi. Alitazama kamera ya pili, moja kwa moja, akijua nani yuko nyuma ya kioo. Akaenda ukutani akaung'oa waya mkuu.

Giza. Na watu wakapiga makofi.

Studio ikabaki. Tukapewa na tuzo. Uso wa Bibi Stoyna na kitambaa chake ukawekwa kwenye mabango na fulana, na kila aliyeomba kuutumia nilimwekea dole.

Mjomba Zapryan alimwachia mlinzi funguo Jumatatu, hakurudi tena. Niliokoa studio yake, yeye nikampoteza. Nilimpigia mara nyingi. Mara moja akapokea.

"Momchil, ulijua ni yeye?"

"Sikumtambua, mjomba."



"Umekula mezani kwake miaka mitatu," akasema, akakata.

Mwezi wa kumi na moja mtu akatupia picha kwenye kundi. Karatasi yenye ukingo mweusi mlangoni mwa studio, uso wa Bibi Stoyna. "Hii nayo ni yetu?"

Tulikuwa tunaandaa matangazo ya pili. Nikajua ni bango jingine la Ralitsa. Nikaweka dole.

Siku nne nilipita mbele ya karatasi ile, nikaingia, nikatoka. Siku ya tano kalamu ilinianguka pale mlangoni. Nikainuka, macho yakatua kwenye maandishi madogo.

Stoyna, miaka themanini na nne. Mazishi Jumatano, saa saba mchana, kanisa la kijijini.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Nikamkimbilia mlinzi. Nani kaibandika hii?

"Zapryan mwenyewe," akasema. "Aliniuliza kama wewe bado unatumia mlango huo. Nikamwambia kila siku."

Kati ya watu sitini na tatu, hakwenda hata mmoja. Wote walijua ni yetu. Mimi ndiye niliyewaambia, kwa dole lile.

Mnaosoma, nawaomba moja tu. Mkikuta karatasi ya msiba mlangoni, simameni msome mpaka mstari wa mwisho. Kuna mtu ameibandika hapo kwa sababu alitaka mwende.